Upande wa Pili wa Mabati

Mama Kioko, jirani yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekalia sanduku. Usifikirie nimekosa kiti, viti ninavyo, lakini hili sanduku limekataa kufungika, na yule mwanamume aliyeniuzia hapa Kawangware aliniapia kwamba linameza nyumba nzima. Najua ungesema nini. Ungesema, "Mama Mwende, ulinunua sanduku ama ulinunua maneno?" Halafu ungepanda juu yake pamoja na mimi tulikandamize, na tukishalifunga tungebaki hapo hapo juu tukinywa chai.

Ndani nimeweka muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, kwa sababu Mwende anasema huko hajawahi kuyaona dukani. Nimeweka unga wa wimbi wa uji wa mtoto, leso kadhaa, na sweta moja nzito ambayo wateja wangu wakiiona wanacheka, wanasema baridi ya huko haitajua kama nimevaa kitu. Chini kabisa nimelaza lile blanketi ulilomshonea Mwende kwa mabaki ya yunifomu, vipande vya kijani, vya maruni na vya bluu. Limepauka. Nililifua juzi nikalianika kwenye kamba ya ploti, na mpangaji mmoja, msichana mdogo tu, akaniuliza kama ninaliuza. Nilimwangalia mpaka akaniomba msamaha.

Mwende, mwanao, yuko Kanada, Mama Kioko. Ninasema mwanao na siku hizi sisikii vibaya. Anafanya kazi ya kutunza wazee, ameolewa na kijana wa kwetu Machakos ambaye anaendesha malori ya safari ndefu, na wana mtoto msichana ambaye ndiyo kwanza anaanza kushika vitu na kuvitia mdomoni. Sasa wamepata nyumba nyingine, ghorofa ya tano, yenye vyumba viwili vya kulala, na Mwende anataka chumba kimoja kiwe changu. Karatasi zangu za kusafiri zilishatoka. Kilichobaki kilikuwa mimi kusema ndiyo, kwa sababu mwenye nyumba alitaka jibu Jumatatu, na Mwende alikuwa amenieleza waziwazi: "Mami, usipokuja siichukui. Siwezi kukaa nikiangalia chumba kitupu." Na wiki iliyopita mimi nilikuwa nimeamua kwamba siendi.

Nitakueleza sababu. Lakini kwanza wacha nikukumbushe ule ukuta wetu, kwa sababu bila huo ukuta sina ninachoweza kueleza.

Soweto East ya wakati ule, ikiwa bado mabanda, kabla tingatinga hazijaja na hizi fleti kujengwa, tulikaa safu moja, chumba changu na chako vikitenganishwa na bati jembamba. Kitanda changu na Mwende kiliegemea upande huu, cherehani yako iliegemea upande ule. Ulijua siku nimepika dagaa wa omena na siku nimechemsha maji matupu ili majirani wasikie sufuria ikilia. Mimi nilijua ukisali, ukikohoa, na ukigombana na uzi. Siku moja nilikuwa najisemea, hii chumvi niliiweka wapi, na sauti yako ikatoka ukutani: "Jana ulimwambia Mwende aiweke juu ya kabati." Na kweli ilikuwa huko. Nilikaa kitandani nikacheka mpaka ukaniuliza nacheka nini.

Nilikuwa nafanya kazi ya nyumba Riruta. Nilikuwa natoka kabla Mwende hajaamka vizuri, na kurudi nikishaosha vyombo vya chakula cha jioni cha watu wengine. Mwende alikuwa darasa la pili. Alikuwa anatoka shule, anakula kile nilichomwachia, anajifungia kwa komeo vile nilivyomwagiza, na anangoja. Wewe ulikuwa unamwita aje kwako, ukae naye ukishona, na mimi nilikuwa nimemkataza. Nilikuwa na kiburi changu. Sikutaka mtu aseme mtoto wangu anazurura kwa nyumba za watu.

Basi nyinyi wawili mkapata njia yenu. Giza likianza kuingia na Mwende akiogopa, alikuwa anagonga bati kwa kidole, mara mbili. Cherehani yako inasimama. Unagonga mara mbili na wewe, polepole. Halafu cherehani inaendelea. Maneno hakuna. Mimi sikumfundisha, na nafikiri hata wewe hukumfundisha, ilitokea tu. Nilikuja kugundua jioni moja aliponiambia, mdomo umejaa ugali, kwamba Mami wa Huko alikuwa anashona nguo ya bibi harusi. Nikamuuliza, Mami wa Huko ndiye nani? Akaonyesha ukuta.

Nilicheka. Lakini ilinichoma, na wewe ulijua ilinichoma.

Unakumbuka ile malaria yake. Mwajiri wangu alinipa ruhusa, na kwa mara ya kwanza nikawa nyumbani jua likiwa bado juu. Nilimkanda kwa kitambaa, nikampa dawa, nikalala kando yake nimemshika. Mkono wangu ulikuwa kifuani mwake, nasikia vile moyo unakimbia. Jioni ilipoingia yule mtoto akageuka, akanipa mgongo, akanyoosha mkono wake mdogo akagonga mabati. Na mimi mamake niko hapo. Ulipojibu, akashusha pumzi akalala.

Kesho yake nilikungoja pale kwa mfereji. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njiani, na niliyasema yote mbele ya wale wanawake wa foleni na mitungi yao: kwamba mtoto ni wangu, kwamba nikitaka mtu wa kunilelea nitamtafuta mwenyewe, kwamba ushone nguo zako na uachane na mtoto wa mtu. Hukunirushia neno baya. Ulifunga kifuniko cha mtungi wako ukasema, "Mama Mwende, mimi simlei. Mimi namjibu tu." Ukabeba maji yako ukaenda. Sijutii kwamba nilikasirika, mama yeyote angekasirika. Lakini hayo maneno yalinikaa.

Jioni hiyo Mwende aligonga. Cherehani ikasimama. Mimi nikangoja, Mwende akangoja, na hukujibu. Ulikuwa umeamua kuniheshimu. Nilikuwa sikuoni lakini nilikuona, umekaa kimya hapo kwenye kigoda, mkono juu ya kitambaa, unauangalia ukuta. Mwende akagonga tena. Kisha akanigeukia akaniuliza, "Mami, ameenda?"

Nilishindwa. Nilisema kwa sauti, nikiliambia bati, "Mama Kioko, si umjibu."

Na ukajibu. Mambo ya siku hiyo hatukuwahi kuyazungumza tena, wewe na mimi. Jumapili yake uliniletea hili blanketi mlangoni, ukasema vile vipande vilikuwa vinakujazia nyumba bure.

Miaka ikapita, kifua kikakushinda, na Kioko wako akakupeleka nyumbani Kitui, na huko ndiko tulikuja kukuzika. Niliporudi nilikuta upande wako ameingia kijana mwenye redio kubwa. Hakuwa mtu mbaya. Lakini Mwende, na alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa wa kukaribia kumaliza shule ya msingi, aligonga jioni moja, na yule kijana akafikiri analalamikiwa. Akapunguza sauti ya redio, akapiga kelele, "Pole, siz." Mwende hakugonga tena. Tingatinga zilipofika mimi nilikuwa nimeshahamia Kawangware, kwenye ploti ya mawe, ambako ukimsikia jirani ujue kuna vita.

Hapa nimekaa mpaka nimekuwa mtu wa hapa. Ninauza mboga, sukuma wiki. Jioni watu wakishuka kutoka kazini wanasimama mbele ya kibanda ninawakatia, nyembamba kwa wale wanaojua kula, nene kwa wale wa haraka, na kisu kikienda wananiambia mambo yao. Nani amefutwa, nani ameposwa, nani amegombana na mwenye ploti juu ya stima. Siwaulizi, wananiambia tu.

Kwa hiyo watu wakitaka kujua kwa nini siendi Kanada, nilikuwa nawajibu kwamba siwezi kuacha kibanda. Huo ulikuwa uongo. Kibanda kuna mtu atakichukua hata kesho. Ukweli ninakuambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Mwende nilimlea kwa miguu. Nilikwenda na kurudi, nikalipa shule, nikanunua viatu, na kwa hilo siombi mtu msamaha. Lakini kukaa nyumbani, kuwa pale tu, hiyo kazi sikuwahi kuifanya. Uliifanya wewe. Sasa nikipelekwa nchi za watu nikawekwa kwenye chumba kando ya mwanangu, bila mteja, bila kisu, nitakuwa nafanya nini? Niliogopa nifike huko agundue kwamba aliyekuwa anamhitaji ni wewe, na aliyekuja ni mimi.

Alhamisi akanipigia simu akiwa anacheka, kile kicheko chake cha kufichia mambo. Siku mbili kabla ya hapo mumewe alikuwa safarini na lori. Mtoto alikuwa amelia tangu mchana, na yeye alikuwa ameketi kitandani ameegemea ukuta, amechoka mpaka hajijui. Mkono wake ukagonga. Mara mbili. Akangoja, akagonga tena. Siku iliyofuata ofisi ya jengo wanalokaa ikampigia: jirani amelalamika, je, alikuwa anapigilia misumari? Kwa sababu misumari hairuhusiwi.

"Ukawaambia nini?" nikamuuliza.

"Nikasema pole, nilikuwa natundika picha. Ningewaambia nini, Mami? Eti nilikuwa nabisha kwa mabati?"

"Na huyo jirani unamjua?"

"Zii. Tunapatana tu kwa lifti. Huku mtu hagongei mtu." Kisha akasema, na sasa hakuwa anacheka, "Nilijua hakuna mtu atajibu. Sijui ni kwa nini nilingoja."

Jioni hiyo nilikata sukuma ya watu vibaya. Mteja mmoja alifungua karatasi yake akaangalia, akaniuliza, "Mathe, leo unatukatia kuni?" Nikamwongezea majani.

Jumamosi nikafunga kibanda nikaenda Soweto East. Sijui nilikuwa nataka nini. Labda nilitaka nikuulize. Ile safu yetu nilijaribu kuikisia nikashindwa, kwa sababu hata njia zimehama. Pale ambapo nafikiri palikuwa na mfereji kuna ngazi za fleti, nguo zimeanikwa kila roshani, na chini ya ngazi kuna msichana anakaanga mandazi. Nilisimama nimeweka kiganja kwenye ukuta wa lile jengo. Ukuta baridi, mgumu, usio na habari na mtu.

"Mathe, unatafuta nani?" yule msichana akaniuliza.

"Simtafuti mtu. Nilikuwa naishi hapa."

"Ghorofa gani?"

"Hakukuwa na ghorofa. Tulikuwa chini."

Akacheka, akanisogezea kigoda. Tukapiga hadithi, akanipa mandazi moja nionje, na baadaye akaniambia amekosa sukari, anaruka dukani mara moja, nimwangalizie mafuta. Nikamwambia mimi si mtu wa mandazi, nitaharibu. Akasema, "Usifanye kitu. Keti tu hapo, ukiwa hapo inatosha." Akaenda akaniachia biashara yake yote, na hata jina langu halijui.

Nikaketi. Na nikiwa nimeketi hivyo, sauti ya mtoto ikatoka roshani ya juu, nyuma ya vyuma: "Mum, uko?"

Nikajua ni wa yule msichana, na mamake hakuwepo. Nikasema, "Niko hapa. Mum anakuja."

Nilingoja aulize mimi ni nani. Hakuuliza. Nilisikia anarudi ndani anaburuta kitu cha kuchezea sakafuni, na hiyo ikawa imeisha. Yule msichana aliporudi nilimwambia mtoto ameita, nimemjibu. Akasema asante, akamimina sukari yake. Kwake ilikuwa jambo la kawaida kabisa. Lakini mimi nilirudi Kawangware nikiwa na yale maneno yako ya mfereji kichwani, na kwa mara ya kwanza niliyasikia bila hasira. Nilikuwa nimeyachukulia kama kujitetea. Kumbe ulikuwa unanielezea kazi yenyewe, na ilivyo ndogo, na kwamba hata mimi ningeiweza.

Jana Jumapili Mwende akapiga simu ya video. Alikuwa ameenda kuiangalia ile nyumba mara ya mwisho kabla ya kutoa jibu, mtoto amemfunga kifuani. Nyumba tupu, sauti yake ikirudi kutoka kila kona. Akanionyesha jikoni, akanionyesha dirisha, akanionyesha maegesho ya magari yamejaa theluji, nikamwambia hiyo aiache asinionyeshe tena. Kisha akaingia vyumbani. "Hapa ni kwetu na mtoto," akasema. Akazunguka. "Na hapa ni kwako, ukitaka. Kitanda tungekiweka hivi. Katikati ni huu ukuta tu."

"Ni wa mawe?" nikauliza.

"Huku hakuna mawe, Mami. Ni jipsam, kama kadibodi ya chokaa. Hebu sikia." Na akagonga ili nisikie vile kuko wazi ndani.

Mara mbili, Mama Kioko. Nafikiri hata yeye hakujua amegonga mara ngapi.

Mlango wa chumba changu hapa ni wa chuma, na nilikuwa nimesimama karibu nao. Simu ilikuwa mkono wa kushoto. Wa kulia ukaenda wenyewe, nikagonga mara mbili, polepole, vile ulivyokuwa unafanya. Nimekusikiliza miaka mingi, kwa hivyo mwendo wake naujua.

Kwenye simu sikuona kitu tena, ameikumbatia kifuani pamoja na mtoto, nasikia tu mtoto akipumua. Nikafikiri nimekosea. Nikafikiri ataniambia, Mami, hiyo si yako. Nilisimama hapo mlangoni mzee mzima nimeshikilia simu, nikiogopa kuliko siku ile ya malaria.

Kisha akagonga tena, kwa nguvu kidogo, vile alivyokuwa anakugongea wewe akitaka kuhakikisha.

Nikajibu.

Hakuniuliza kama nakuja. Aliniambia tu nisisahau muthokoi, na nikasikia anavuta kamasi. Leo mwenye nyumba ameshapata jibu lake, na mimi nimenunua hili sanduku la uongo ambalo nimelikalia tangu mchana na bado halijafungika. Nitaondoa sweta. Hata hivyo watu wamesema haitanisaidia, na blanketi halitoki.

Cherehani yako iko salama, nilimuuliza Kioko. Ameifunika na gunia, na mkewe ameanza kujifunza. Nikifika nitakaa kwenye hicho chumba, nimpikie Mwende muthokoi, nimshike mtoto akienda kazini, na jioni nitaketi upande wangu wa ukuta. Huyo jirani wa misumari wanamwacha kule nyumba ya zamani, lakini wa nyumba mpya nitampelekea sahani mapema nimweleze, kwa hicho Kiingereza changu cha Riruta, kwamba wakati mwingine atasikia kugonga, na kwamba hakuna kilichoharibika.

Basi pumzisha mkono, Mama Kioko. Umejibu vya kutosha. Akigonga tena, nitajibu mimi.

Ni mimi wa upande huu,
Mama Mwende